Nimemaliza sindano zote 18 za HER2, daktari kakataa kuniongezea. Ndo nimeachwa hivi hivi?

mama_swabra

Habarini wapendwa. Naombeni mnieleweshe maana wiki ya pili hii usingizi sina kabisa.

Mi ni mama wa miaka 56. Nilikutwa na kansa ya titi la kushoto, hatua ya pili, uvimbe wa sm 2.6, nikapasuliwa kwanza, titi likatoka lote, matezi ya kwapani wakapima 14 na moja ndo likakutwa na kansa. Majibu yakasema HER2 3+, yaani chembe za kansa zina protini ya HER2 nyingi mno, inayozisukuma zikue. Nikapigwa kemo, nikapigwa mionzi, halafu nikaambiwa kwa hiyo HER2 kuna dawa yake maalum inayolenga hicho kitu chenyewe, trastuzumabu, kila baada ya wiki 3 kwa mwaka mzima. Nimechomwa zote 18 sijakosa hata moja, hata siku ya msiba wa kaka yangu nilipita hospitali kwanza ndo nikaenda kuzika.

Sasa ya mwisho nimechomwa wiki mbili zilizopita. Manesi wakanipigia makofi, nikalia, wakadhani ni furaha. Nikamuuliza daktari kwa nini tusiendelee hata mwaka mmoja mwingine kama mwili unaipokea vizuri na moyo uko sawa, akaniambia imetosha mama. Imetosha kwa nani? Mtu ukiweka mlinzi na mwizi mwenyewe hujui kama alishakamatwa, humwambii mlinzi aende kwao eti mwaka umeisha.

Naomba kujua kwa nini ni mwaka mmoja na sio miwili au mitano, halafu hivi wale waliochomwa hii dawa zamani huko wako wapi sasa hivi, miaka kumi baadaye, wangapi ilirudi? Na moyo pia, niliambiwa dawa inagusa moyo, je inaweza kuja kunitokea baadaye nikiwa bibi kizee? Msinifiche jamani, pole nimeshapewa za kutosha, mi nataka namba.

---

baba_pacha

Mama yangu hongera kwa kumaliza. Sina jibu ila nakaa hapa hapa nasubiri wanaojua, mke wangu yuko sindano ya 5 na juzi kaniuliza swali hilo hilo nikabaki kujikuna kichwa.

---

nesi_wa_dripu

Mama Swabra, umesema unataka namba, basi kaa chini maana ni ndefu. Mi ni nesi chumba cha kemo, sio daktari, ila swali lako nimelisikia kwa karibu kila mama anayemaliza na niliona aibu kutokujua nikaamua kulifuatilia.

Swali la kwa nini sio miaka miwili lilishaulizwa na kujibiwa kwa watu kabisa, sio kwa kukisia. Kuna utafiti unaitwa HERA, ulianza 2001, wanawake zaidi ya 5,000 kutoka nchi 39, wote kansa ya mapema yenye HER2, wote wameshapasuliwa na kupata kemo. Wakagawanywa mafungu matatu kwa bahati nasibu, fungu la kwanza hawakupewa trastuzumabu, la pili mwaka mmoja, la tatu miaka miwili. Halafu wakafuatiliwa, na matokeo ya miaka 11 ya kuwafuatilia yakatoka 2017. Miaka 10 baada ya kuanza, waliokuwa hai bila kansa kurudi wala kansa mpya, wasiopewa walikuwa 63 kwa kila 100. Wa mwaka mmoja, 69. Wa miaka miwili je? 69. Soma tena hapo mama, 69 na 69. Mwaka wa pili haukuongeza kitu.

Ulichoongeza ni upande wa moyo. Kushuka kwa nguvu ya moyo kunakohesabiwa na wale watafiti kulitokea kwa asilimia 0.9 ya wasiopewa, 4.4 ya waliopewa mwaka mmoja, na 7.3 ya wale wa miaka miwili. Sasa daktari wako akikwambia imetosha hajakuacha, anakataa kukupa hasara isiyo na faida. Kosa lake ni kukujibu maneno mawili mtu aliyetoka kuchomwa mwaka mzima, hilo nakubaliana na wewe kabisa, wangetumia hata dakika tano.

Kuhusu walio wapi sasa. Wamarekani nao walikuwa na tafiti mbili wakaziunganisha, B-31 na N9831, wagonjwa zaidi ya 4,000, na wao walipohesabu waliokuwa hai mpaka mwaka wa 10, kemo peke yake asilimia 75.2, kemo pamoja na trastuzumabu asilimia 84. Yaani ukiweka wanawake 100 ukumbini, bila dawa 25 wameshatangulia, na dawa ni 16. Na hizo ni namba za wanawake walioanza kutibiwa miaka ya 2000 mwanzoni, wengi wao matezi yao yalikuwa yameguswa. Wenye uvimbe mdogo usiozidi sm 3 na matezi safi hali ni nyingine kabisa, kuna utafiti wa watu 406 wa namna hiyo, walipewa kemo nyepesi ya wiki 12 na trastuzumabu mwaka mmoja, miaka 10 baadaye karibu 99 kwa 100 hawakufa kwa kansa ya titi. Wewe hauko huko na hauko kule kwingine, uko katikati, kwa hiyo namba za wenzio zisome kama ramani, usizivae kama nguo yako.

Moyo: shida ya trastuzumabu huwa inajitokeza wakati bado unachomwa, ndo maana ule mtindo wa kukupiga eko (ultrasaundi ya moyo) kila miezi 3. Kwa wengi moyo ukishuka hupanda tena dawa ikisimama. Haifanani na ile kemo nyekundu (doksorubisini na wenzake), ambayo yenyewe inaweza kuacha alama ya muda mrefu kwenye msuli wa moyo. Kama ulipata ile nyekundu, mkumbushe daktari yeyote atakayekutibu huko mbele, hata wa presha.

Na kitu kingine ambacho hawakukwambia, dawa haikutoki siku unayopigiwa makofi. Inachukua mpaka miezi 7 hivi kuisha mwilini, ndo maana wale wenye umri wa kuzaa wanaambiwa wasishike mimba mpaka miezi 7 ipite tangu dozi ya mwisho. Mlinzi wako anaondoka mdogo mdogo.

Sasa na mimi nina swali. Umeandika HER2 3+ tu. ER na PR, zile zinazoonyesha kama kansa inalishwa na homoni, zimeandikwaje kwenye karatasi yako? Usinijibu kwa kichwa, nenda katafute karatasi.

---

mkweli_mtupu

Samahanini wakuu ila hapa mnapambana kuipamba. 63 na 69 tofauti yake ni 6. Sita! Mtu anatobolewa mwaka mzima, mshipa unaharibika, moyo unaguswa, kwa ajili ya watu sita kwenye mia? Wengine wote ama wangepona bila dawa ama imerudi na dawa. Hii biashara ya watu.

---

miaka_11_sasa

Mkweli mtupu mi ntakujibu maana hiyo hesabu yako niliwahi kuifanya mwenyewe usiku kwenye simu.

Ni kweli usemavyo, wengi wangepona bila, na wengine imerudi pamoja na kuchomwa, hakuna anayebisha. Ila nionyeshe nani kati ya mia ndo hao sita. Mi nina miaka 11 tangu nimalize, inawezekana ni mmoja wa hao sita, inawezekana ni wale 63 ambao hata ningekaa nyumbani ningekuwepo, sitakaa nijue mpaka naingia kaburini, na nimeshaacha kutaka kujua. Halafu hiyo 6 yenyewe imebanwa. Majibu ya mwanzo ya HERA yalipotoka 2005 yalikuwa mazuri kiasi kwamba wale waliowekwa fungu la kutopewa wakaruhusiwa kuvuka, zaidi ya nusu yao wakaipata dawa baadaye. Kwa hiyo unaposoma 63 unasoma kundi ambalo nusu yake na wao walikunywa kikombe kile kile, sema walichelewa. Kuna watafiti walikusanya tafiti saba, wanawake karibu 14,000, wakatoa majibu 2021, wakakuta vifo vya kansa ya titi vinapungua kwa theluthi moja. Theluthi.

Na jambo lingine, hujui HER2 ilikuwa nini kabla ya hapo. 1987 Dennis Slamon na wenzake kule Marekani ndo walionyesha kwamba wanawake ambao chembe za kansa zao zina nakala nyingi za hii jeni ya HER2 walikuwa wanarudiwa haraka na kufa mapema kuliko wenzao. Ilikuwa ukiambiwa una HER2 basi umepewa habari mbaya juu ya habari mbaya. Dawa ikaruhusiwa 1998 kwa ambao imesambaa, na kuanzia 2006 kwa kansa ya mapema. Leo wapo madaktari wanaokwambia bora hii maana ina dawa yake. Nilivyoambiwa hivyo nilimwangalia nikasema huyu mzima kweli? Lakini alikuwa sahihi.

Mama Swabra mdogo wangu, hicho unachosikia sasa hivi nakijua. Mwaka ule wa sindano unachosha lakini una watu, kila wiki ya tatu kuna mtu anakuuliza umelalaje, anakushika mkono anatafuta mshipa (wangu walikuwa wanakimbia kama mjusi, mpaka wakanihamishia ile ya kuchoma chini ya ngozi ya paja, dakika tano umemaliza). Halafu ghafla hakuna anayekuuliza. Kila ukiumwa kichwa unajua ni yenyewe, mgongo ukiuma kwa kufua unajua ni yenyewe. Mi nilifika mahali namsumbua daktari anipige skani mwili mzima kila miezi mitatu akakataa, nikaenda kwa mwingine akakataa pia. Baadaye ndo nikaelewa kwamba kama huna dalili hizo skani na vipimo vya damu vya kutafuta kansa havijaonekana kumuongezea mtu maisha, vinakuongezea roho juu tu. Ratiba yangu ilikuwa kuonwa kila miezi 3 mpaka 6 kwa miaka mitatu ya kwanza, halafu kila miezi 6 mpaka 12, kuanzia mwaka wa tano mara moja kwa mwaka, na mamogramu ya titi lililobaki kila mwaka. Basi.

Ila kuna dalili za kwenda haraka, hizo usizidharau. Maumivu ya mfupa sehemu moja yasiyoisha na yanakuamsha usiku, kifua kubana au kikohozi cha wiki kadhaa, uvimbe mpya kwenye kovu au kwapani, na kichwa kinachouma kila asubuhi pamoja na kutapika au degedege la ghafla. Hilo la kichwa nalisema kwa sababu HER2 ina tabia ya kwenda kwenye ubongo, na trastuzumabu ni molekuli kubwa haipiti vizuri ule ukuta unaolinda ubongo.

Kwangu mimi ER ilikuwa hasi. Daktari alinichorea mstari wa hatari ya kansa kurudi kwenye karatasi, mlima mkali miaka miwili mitatu ya mwanzo halafu unashuka, akasema ukifika mwaka wa tano hujarudiwa unaweza kuanza kupumua. Ndo ilivyokuwa. Lakini nesi kakuuliza swali la maana sana hapo juu, kama ER yako ni chanya mchoro wako sio huu wangu. Nenda katafute hiyo karatasi.

---

baba_pacha

Naomba niingilie kidogo. Mke wangu nguvu ya moyo kwenye eko ya mwisho imeshuka kutoka asilimia 62 mpaka 47, wamesimamisha kwanza sindano. Hapa nyumbani ni kilio. Akiishia hizo tano ndo basi tena?

---

nesi_wa_dripu

Baba Pacha hapana, tulia. Kusimamisha ni utaratibu, mara nyingi wanapumzisha wiki kadhaa, wanaweza kumuanzishia dawa za moyo, wanarudia eko, ikipanda wanaendelea. Nimewaona wengi tu wakirudi kwenye kiti chao.

Na hata ikitokea akashindwa kufika 18, Uingereza walifanya utafiti unaitwa PERSEPHONE, wanawake zaidi ya 4,000, nusu miezi 6 na nusu miezi 12. Baada ya miaka 4 wasiorudiwa walikuwa asilimia 89.4 kwa miezi 6 na 89.8 kwa miezi 12. Karibu sawa kabisa. Wafaransa nao walijaribu hilo hilo, wao hawakuweza kuthibitisha kwamba miezi 6 inatosha, ndo maana mpaka leo kawaida imebaki mwaka. Kwa hiyo asiache kwa kupenda, ila akilazimika kuacha njiani asijione kama amekwisha. Muulizeni daktari wa moyo na wa kansa waongee wao kwa wao, mara nyingi shida ni kwamba kila mmoja anamuachia mwenzie.

Halafu niulize, mkeo kemo ilitangulia kabla ya upasuaji? Kama ndio, na walipopasua wakakuta mabaki ya kansa hai, kuna dawa nyingine iliyobeba trastuzumabu na kemo ndani ya molekuli moja, T-DM1. Ilipimwa kwa watu 1,486 wa namna hiyo, utafiti wa KATHERINE, baada ya miaka 7 wasiorudiwa walikuwa asilimia 80.8 wakati waliobaki na trastuzumabu ya kawaida walikuwa 67.1, na walio hai 89.1 kwa 84.4. Hiyo tofauti sio ya kubishania. Ulizeni mapema, moyo wake ukishatulia.

---

mkweli_mtupu

Sawa, hiyo ya kuvuka fungu sikuijua. Nakubali hapo. Lakini bado naona watu wanaambiwa "dawa mpya" kila siku hata pale faida ni kiduchu.

---

nesi_wa_dripu

Hilo sitakubishia hata. Pertuzumabu kwa mfano, dawa nyingine inayolenga HER2, ukiiongeza juu ya trastuzumabu kwenye kansa ya mapema, miaka 8 baadaye waliokuwa na matezi yameguswa walifaidi, 86.1 hawajarudiwa kwa 81.2, ila wenye matezi safi hakukuwa na faida ya kuonekana. Kwa hiyo mtu mwenye matezi safi akiiulizia mi namwambia ukweli. Sio kila dawa ni ya kila mtu, na kwa mama Swabra ambaye tezi moja liliguswa ingefaa kujadiliwa mwanzoni kabisa, sasa hivi muda wake umepita na sitaki aanze kukosa usingizi kwa hilo tena.

---

mama_swabra

Nimerudi. Karatasi nimeipata chini ya godoro, imekunjwa ila inasomeka. Imeandikwa ER chanya 80%, PR chanya 40%, HER2 3+.

Sasa nesi naogopa kukuambia. Kuna vidonge nilipewa baada ya mionzi, vidogo vya njano, letrozoli 2.5. Nikaambiwa nimeze kila siku miaka mitano au zaidi. Nameza nikikumbuka. Kuna mwezi nilimeza kama kumi tu, maana asubuhi vidole vinakakamaa mpaka kufungua kifuniko cha chupa naomba mtoto, na magoti yanalia kama mlango mbovu. Mi nilijua sindano ndo dawa yenyewe ile kubwa, hivi vidonge vya kusindikiza tu. Hakuna aliyenipigia makofi kwa vidonge.

---

nesi_wa_dripu

Hapo sasa! Asante kwa kusema ukweli, wengi hawasemi, wanakuja kliniki wanaitikia ndio nameza.

Mama, umekuja kulilia mlinzi anayeondoka, kumbe una mwingine ulimfungia nje. Kansa yako ina milango miwili, HER2 ni mmoja na homoni ni wa pili. Sindano zilikuwa za mlango wa kwanza. Letrozoli inapunguza ile estrojeni ambayo mwili bado unaitengeneza hata baada ya hedhi kukoma, nayo pia ni tiba ya kulenga, tena huku kwenye homoni ndo watu walianza kulenga miongo mingi kabla HER2 haijapata dawa yake. Kwa ukubwa wa kidonge usiidharau.

Na ule mchoro wa dada wa miaka 11, wako ni tofauti kama alivyosema. Ukiwa ER chanya mlima wa mwanzo sio mkali sana lakini mstari haushuki ukaisha, unaenda tambarare miaka na miaka. Walikusanya wanawake karibu 63,000 wenye ER chanya ambao walimeza dawa za homoni miaka 5 wakaacha bila kurudiwa. Hata wale wa afadhali kabisa, uvimbe usiozidi sm 2 na matezi safi, kati ya mwaka wa 5 na wa 20 asilimia 13 kansa iliibukia sehemu nyingine za mwili. Wengi wao walitibiwa zamani sana, leo matibabu ni bora, kwa hiyo usichukue hiyo 13 ukaibandika ukutani. Ninachotaka uone ni muda. Hatari ya homoni ina subira, inaweza kungoja miaka 15, na kinachoizuia ni hicho kidonge ulichokiacha kwenye droo. Tamoksifeni, ambayo ni ndugu wa letrozoli, ukiimeza miaka 5 vifo vya kansa ya titi vinapungua kwa karibu theluthi, na faida inaonekana mpaka mwaka wa 15, yaani miaka 10 baada ya kuacha kumeza. Na kuna utafiti mkubwa, ATLAS, waliomeza miaka 10 walifanya vizuri kuliko walioishia miaka 5.

Ulikuwa tayari kuomba mwaka wa pili wa sindano isiyoongeza kitu. Nguvu hiyo hiyo ihamishie huku.

---

vidole_vya_cherehani

Nimesoma kimya kimya muda wote ila hilo la vidole limenigusa maana mimi ni fundi nguo na letrozoli ilinifanya nishindwe kushika sindano. Sio akili yako mama, ni dawa kweli, estrojeni ikishuka viungo vinakauka, wengi sana yanawapata. Nililia nikamwambia daktari naacha, akaniambia usiache, tubadilishe. Tukapumzika wiki chache kwa makubaliano, akanihamishia eksemestani, ikawa nafuu kidogo, nyingine ni anastrozoli, na zote zikikushinda ipo hiyo tamoksifeni ambayo haileti sana mambo ya viungo, ina ya kwake, joto la ghafla, damu kuganda miguuni na tumbo la uzazi linatakiwa kuangaliwa ukiona damu. Utachagua shida yako.

Kilichonisaidia kuliko vyote sio dawa. Ni kutembea. Nilicheka alivyoniambia, magoti yanauma halafu utembee? Lakini imepimwa kwa wanawake wanaomeza hizi hizi dawa na waliofanya mazoezi ya kutembea na kunyanyua uzito mdogo maumivu yalipungua. Wiki tatu za kwanza nilitukana kila hatua. Kufika mwezi wa tatu asubuhi navaa viatu mwenyewe. Vidole naviloweka maji ya vuguvugu kabla ya kuanza kazi, vikifunguka ndo nakaa kwenye mashine.

Na ulizia kipimo cha mifupa, letrozoli inapunguza uzito wa mifupa, kuna sindano ya kuilinda ambayo kwa waliokwisha koma hedhi inapunguza pia kansa kurudi kwenye mfupa. Mi sikuambiwa mpaka mwaka wa tatu nikakasirika sana.

Nameza saa mbili usiku baada ya kupiga mswaki. Mswaki sisahau, basi na kidonge sisahau. Huu ni mwaka wa sita.

---

miaka_11_sasa

Fundi umeongea. Mama Swabra ongezea moja, kama utahamia tamoksifeni na unatumia dawa yoyote ya msongo au usingizi, itaje kwa daktari, kuna baadhi ya dawa za unyogovu zinaizuia tamoksifeni kufanya kazi. Na kwenda kliniki nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, usitaje kwa kichwa, rangi ya njano wanazo wengi.

---

mama_swabra

Nimewasoma wote mara mbili, kuna sehemu nimemsomea binti yangu kwa sauti. Hasira kwa daktari imepungua kidogo, haijaisha. Hivi kweli mtu anashindwa kusema 69 na 69? Ningeelewa, sikusoma sana lakini hesabu najua.

Nimempigia simu kliniki, nimepata nafasi Jumatatu, nimeandika kwenye daftari: vidole, mifupa, kubadilisha, ile kemo nyekundu na moyo. Baba Pacha naombea moyo wa mkeo upande.

Cha leo nimemeza, saa mbili, na mswaki. Ila cha jana sikumeza na cha juzi pia. Nimeze vitatu kufidia?

---

nesi_wa_dripu

Hapana, usifidie. Kimoja. Kesho saa mbili kingine.